Kabari ya Emery

Rosettenville, Johannesburg
Tarehe 9 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na Mama, na ninaomba barua hii iwakute mmekaa pamoja. Mguu unaendeleaje? Mvua za mwezi huu najua hukuuma gotini, tena hukubali kusema mpaka mtu akuone unavyokunja uso. Mama aliniambia jirani yetu Yasini amekuchongea fimbo mpya. Natumaini unaitembelea, maana nilisikia kazi kubwa ya fimbo hiyo ni kufukuza mbuzi wa Yasini mwenyewe.

Mimi mwili ni mzima. Viganja vina sugu, mgongo unakakamaa asubuhi, lakini nakula na ninafanya kazi. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake unaijua hata kama hutaki itajwe.

Anayekuletea barua hii anaitwa Salum, mtu wa Kigoma anayesafirisha vitambaa kutoka huku mpaka Uvira. Nimemwomba aiweke mkononi mwako mwenyewe. Ningepiga simu, ila simu hukatika. Siku ile nilipokupigia kukuambia kwamba Emery amefariki, ulisema huna mtoto mwenye jina hilo, kisha simu ikakatika. Baadaye Mama alinieleza kwamba umekataza mikeka isitandikwe uani, umekataza watu wa kanisa wasije kuimba, na kwamba yeye humlilia mwanawe jikoni akisingizia moshi. Baba, nina ombi moja tu katika karatasi zote hizi. Mwekee Emery matanga. Kwa nini nakuomba hivyo nitakueleza, ila itabidi nianzie mbali, na nakusihi usizichane kabla hujafika mwisho.

Nianze na uongo ulio mdogo. Miaka sita nimekuambia kwamba huku ninasuka nywele. Nilisuka miezi minne. Wateja walilalamika kwamba ninavuta sana, mmoja akatoka saluni analia, nusu ya kichwa haijasukwa, na mwenye saluni akaniambia kwa upole nitafute kazi ya nguvu zangu. Tangu hapo nakata miti.

Emery ndiye aliyenipokea nilipofika, na ndiye aliyenitafutia kazi. Yeye alifanya kazi kwa Gaston, mtu wa Lubumbashi mwenye kikosi kidogo cha wakata miti. Huwezi kuamini jinsi mji huu ulivyo na miti, Baba. Waliojenga mitaa ya kaskazini waliipanda barabara kwa barabara, mijakaranda, mialoni na mikaratusi, na sasa imezeeka. Tena kuna mdudu mdogo kama punje ya ufuta anayetoboa shina na kuingia ndani, na mti unakufa huku umesimama. Kwa hiyo kazi haikosekani. Mwanzoni mimi niliokota matawi na kuyalisha kwenye mashine ya kuyasaga, maana hiyo ndiyo kazi wanayopewa wanawake.

Kila mwaka watu wa miti wa jimbo hili hukutana uwanjani kushindana. Wanapanda kwa kamba, wanakata gogo lililosimamishwa kwa shoka, na wanashindana kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, kama wako, ila huku gogo limelazwa na wakataji wamesimama huku na huku. Wanawake waliongezewa zamu yao juzijuzi tu, na nakuambia ukweli, iliwekwa ili watu wacheke wakati nyama inaiva. Siku Gaston alipoleta msumeno ule kazini ili vijana wafanye mazoezi, nilimwambia Emery kwamba ninautaka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha aliniangalia mikono, akaacha kucheka, akasema kweli mimi msumeno ninaujua.

Ninaujua, Baba. Hukunifundisha, lakini nilikuwa ninawaletea chakula kule milimani juu ya Lemera, na nilikuwa nakaa kando ya sufuria kuwaangalia wewe na Emery mkipasua mbao, yeye juu ya gogo, wewe chini yake. Nilikusikia ukimwambia mara mia: vuta, usisukume; zamu yako ikiisha, mwachie mwenzako avute. Maneno hayohayo ndiyo ninayoyatumia huku, na watu wanadhani niliyasomea.

Mwenzangu wa upande wa pili ni Capitoline, Mrundi wa mji wa Ngozi, mwanamke mkubwa aliyewahi kulinda mlango wa duka kule Newtown. Huomba kwa Kirundi kabla ya kila gogo, akimaliza amina ananikemea kwa kuchelewa. Wiki ya kwanza tulitaka kupigana. Kila mmoja alisukuma, msumeno ukapinda, na kila mmoja akamwambia mwenzake ndiye aliyeharibu. Emery alitufunga macho kwa vitambaa, akatuamuru tukate hivyo mpaka kila mmoja ajue mwenzake anavuta kwa kusikia pumzi yake tu. Ilichukua mwezi mzima. Siku tulipoweza, Capitoline alilia, akasema tangu mumewe afe hajawahi kufanya jambo na mtu bila kulazimika kulieleza.

Katika mchezo huu mnaruhusiwa kuwa na mtu wa tatu, ambaye kazi yake ni kutia kabari gogo linapoanza kubana msumeno. Wetu alikuwa Emery. Na kabari aliyoitumia ungeitambua hata gizani. Ni ile ya mvule, nyeusi kwa uzee, yenye ufa kichwani. Aliondoka nayo nyumbani ndani ya mfuko wake siku ulipomfukuza. Mimi sikumuuliza kwa nini, naye hakuniambia. Aliigonga mara tatu kama ulivyomfundisha, kisha akaweka kiganja juu ya gogo na kusikiliza, na kwa mambo ya kazi hakuna aliyemzidi kwa uangalifu. Wenzake walimtania, wakamwita Tatu. Walisema Tatu hawezi hata kufunga mlango wa choo bila kuujaribu mara tatu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wa mwisho. Kuna mwanamume mmoja aliyetupigia kelele, eish, dada zangu, jiko liko upande ule, na Capitoline alimjibu kwa Kirundi, nikashukuru kwamba hakuelewa. Mwaka jana tulikuwa wa pili. Walioshinda ni dada wawili wa mashamba ya misonobari ya Mpumalanga, waliozaliwa katika kazi hii. Walipomaliza walikuja wakatukumbatia, wakakaa na sisi kwenye nyasi saa nzima wakituonyesha jinsi ya kunoa meno ya msumeno ili yatoe nyuzi ndefu za mbao badala ya vumbi. Emery aliwaandalia chai. Siku hiyo alikuwa na furaha, akasema mwakani tutashinda na yeye atakununulia picha ya ushindi huo, akutumie. Halafu akakumbuka kwamba ulimfukuza, akaanza kukusanya vikombe.

Mwezi wa nane Gaston aliitwa kukata mjakaranda katika ua wa nyumba moja huko kaskazini. Emery akapanda. Alijifunga vizuri, Gaston akamkagua, mimi nikawa chini nimeshika kamba yake. Mti ulikuwa mzima kwa kuutazama. Wale wadudu walikuwa wameula kwa ndani, katika tawi lilelile alilojifungia. Sikusikia likivunjika, kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma. Nilichojua mimi ni kwamba kamba imekuwa nyepesi mikononi mwangu.

Alikaa hospitali siku ishirini na tatu. Kila siku aliniuliza habari za nyumbani. Aliuliza kama Mama bado anakausha samaki juu ya paa la choo cha zamani, aliuliza kama unapanda ngazi za kanisa mwenyewe au unashikwa mkono. Siku mbili kabla hajafa tulizungumza kwa muda mrefu, na akanifunga kwa neno moja, nisikuambie jambo fulani. Nitalifikia. Alifariki mchana, siku ya Alhamisi, mimi na Capitoline tukiwa kando yake, na tukamzika Jumamosi iliyofuata. Wakongo na Warundi wa kanisa letu walikuja, na watu wa miti walikuja na magari yao ya kazi, yakajaa barabara mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani.

Mashindano ya mwaka huu yalikuwa mwezi uliopita. Nilisema siendi. Asubuhi hiyo Capitoline aliingia chumbani kwangu, akakaa kitandani, msumeno ameulaza magotini. Alikaa tu. Nikaona aibu, nikaoga, tukaenda.

Kabla ya kuanza, mtangazaji alilitaja jina la Emery. Alilikosea, akalirudia, akalikosea tena. Kisha wakata miti wote waliokuwapo uwanjani, labda watu mia, waliwasha misumeno yao ya mashine kwa pamoja. Ardhi ilitetemeka. Waliiacha ingurume muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu, halafu wakaizima kwa mara moja. Wanaume wale wakubwa walikuwa wamevua kofia. Mimi nilifikiria uani kwetu, Baba, pasipo na hata mkeka mmoja. Niliona wivu kwa niaba yako, kwamba watu wasiojua kutamka jina la mwanao wamemlilia kabla yako.

Ikaja zamu yetu. Gaston alijitolea kututilia kabari, nikakataa. Nilikuwa nayo ile ya mvule mfukoni, lakini nilimwambia gogo ni jembamba na hatutaihitaji. Tulianza vizuri. Capitoline anasema wale dada wa Mpumalanga tuliwaacha kwa upana wa kiganja, na mimi ninamwamini, maana tulikuwa tunapumua kama mtu mmoja. Tulipopita katikati, mti ukaanza kubana. Tungeweza kuumaliza kwa nguvu. Yalikuwa yamebaki mavuto kumi labda. Mimi nikaachia mpini.

Anayeachia mpini kabla gogo halijakatika ameshindwa, na hilo kila mtu pale analijua. Nilichomoa kabari mfukoni, nikaiweka, nikachukua nyundo mikononi mwa Gaston, nikagonga moja, mbili, tatu. Nikaweka kiganja juu ya gogo. Kisha nikaendelea kugonga. Wanasema nilizidisha ishirini. Kabari ilizama yote, gogo likapasuka, na bado nilikuwa nagonga mpaka Capitoline akanikumbatia kwa nyuma, akaninyang'anya nyundo. Watu walisema ni majonzi ya kaka yangu, wakanipigia makofi, na nilitamani nife pale pale kwa yale makofi.

Sasa nakuomba ukae, Baba, kama umesimama.

Siku ile gogo lilipoanguka juu yako nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimewaletea ugali na maharage. Gogo lilikuwa tayari limepandishwa jukwaani, kabari imewekwa lakini haijakazwa. Emery aliteremka kijitoni kujaza maji. Wewe ulikaa kivulini, umenipa mgongo, unanoa msumeno. Sheria zako mbili nilizijua kama ninavyojua jina langu. Ya kwanza, aliye juu anagonga kabari mara tatu, na anayeingia chini hana haja ya kuuliza, akisikia tatu anaingia. Ya pili, mtoto wa kike hagusi vyombo vya kazi.

Nilitaka kugonga mara moja tu katika maisha yangu. Hakukuwa na zaidi ya hapo, na ningependa iwepo sababu kubwa nikupe, lakini haipo. Niliokota nyundo. Pigo la kwanza liliingia, la pili likaingia. La tatu lilikosa shabaha, likapiga gogo lenyewe, na kabari ikarudi nyuma upana wa kidole. Niliiona ikirudi. Na hapo hapo nikakusikia unainuka, kwa sababu ulikuwa umesikia tatu.

Ningepiga kelele. Neno moja lingetosha. Lakini ningepiga kelele ungejua kwamba nimeshika nyundo, na niliogopa fimbo. Nikaiweka chini, nikaenda kukaa kando ya sufuria. Emery alirudi na dumu lake, akakukuta umeshaingia chini unamngoja. Akatazama nyundo, akanitazama mimi. Aliniuliza kwa macho tu kama iko sawa. Mimi nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akapanda.

Walipokutoa chini ya gogo ulikuwa na fahamu, na ulichouliza kwanza ni nani aliyegonga kabari. Emery alinigeukia. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa kitenge. Akasema ni yeye. Ukamuuliza kama aliikagua, akasema alikuwa na haraka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Uliporudi kutoka hospitali na magongo, mfuko wake ulikuwa nje ya lango, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni naangalia. Siku hiyo pia nilinyamaza.

Nilimfuata Johannesburg ili nimwombe msamaha, na miaka sita nikala sahani moja naye bila kuuomba. Niliuomba hospitalini, zile siku mbili kabla. Akaniambia alijua tangu siku ile. Alikuwa kijitoni, alisikia mapigo, na la tatu lilikuwa na sauti ya gogo, si ya kabari. Alipanda kilima akiwa na nia ya kukagua, na akaacha kwa sababu mimi nilitikisa kichwa. Kwa hiyo alijihesabia na yeye ana fungu lake, na ndiyo maana maisha yake yote aligonga, akaweka kiganja, akasikiliza. Kisha akanifunga kwa lile neno. Alisema nisikuambie kamwe. Alisema wewe ni mzee, umeshazoea kumkasirikia yeye, na kuanza kumkasirikia mwingine kutakuchosha. Tena ni vizuri katika sisi wawili abaki hata mmoja aliye mtoto wako. Nilimkubalia, akafumba macho.

Leo ninalivunja neno la marehemu, na nitamjibu mwenyewe tukionana. Siwezi kubaki mtoto wako kwa gharama hiyo. Hasira yote uliyompa kwa miaka kumi na sita ilikuwa yangu. Umelemaa mguu kwa mkono wangu, na umempoteza Emery kwa mdomo wangu uliofungwa, na kati ya haya mawili sijui lipi ni kubwa. Sikuombi unisamehe. Ukiamua kusema huna binti mwenye jina langu, nitasikia, na nitaendelea kukutakia afya kutoka huku niliko.

Lakini Emery hakukosa. Mwite mwanao. Tandika mikeka uani, waite watu wa kanisa, mwache Mama atoke jikoni alie kwa sauti yake yote. Mwili wake uko huku na siwezi kuuleta, ila katika mfuko aliokuja nao Salum, umefungwa kwa kitambaa cha kijani, mna kabari ya mvule. Tuliitoa kwenye gogo mimi na Capitoline, haikuvunjika. Iweke katikati ya mikeka, watu wawe na kitu cha kukizunguka. Matanga yakiisha, ifanye unavyotaka.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri na asinifiche machozi yake tena. Msalimie Yasini na watoto wake. Capitoline anakusalimu, ingawa haya ninayokuandikia sijamweleza bado. Salum akishaondoka nitamweleza, na kama baada ya hapo atakubali kushika upande wa pili wa msumeno, Mungu anajua. Mpe Salum chakula kabla hajarudi, ametoka mbali.

Mungu akutunze, Baba, na mguu wako.

Ni mimi binti yako Jocelyne,
niliyeshika nyundo siku ile.